Usiniambie Mpaka Kuche

Eula alikuwa amesema kwa mdomo wake mwenyewe, Alhamisi ile, kwenye korido ya hospitali huko Tulsa. "Nenda kakanyage vumbi lako," alimwambia mdogo wake Melvina. "Mimi nitakaa na Mama. Huko kwenye moto wenu sipigi simu mpaka ya Mama yawe yamekwisha. Ukiona simu yangu, ujue."

Kwa hiyo Jumamosi saa kumi jioni, simu ilipotetemeka kwenye mfuko wa aproni na jina la Eula likatokea, Melvina alijua. Alikuwa kambini kwao anakoroga sofki, ule uji wa mahindi ambao wanaume wangeunywa wakimaliza kufunga. Hakupokea. Alisimama na mwiko mkononi mpaka simu ikanyamaza, ikaanza tena, ikanyamaza tena. Mama yao alikuwa na siku kumi na mbili hajafumbua macho tangu apigwe na kiharusi, na madaktari walishawaambia wasiende mbali. Basi, Mama ameondoka.

Sasa hapa wapo watakaomhukumu, na wamhukumu tu, mdomo hauna ushuru. Kwetu aliyefiwa haingii uwanjani, penye moto wa ngoma. Siku nne anakaa nje, anaoga dawa, ndipo anausogelea moto. Hilo halina mjadala. Na Melvina ndiye aliyekuwa mwanamke wa kwanza, yule anayeingia nyuma ya kiongozi wa wimbo na magamba ya kobe yamefungwa miguuni, yamejaa kokoto, mzigo wa kuchubua ngozi. Wanaume ndio wanaoimba, sawa, waache wajisifu. Lakini mwanamume hata awe na sauti ya kupasua mbingu, haongozi wimbo bila miguu ya mwanamke nyuma yake. Miguu ile ndiyo mdundo, hakuna mwingine. Na uwanja wetu ulikuwa umebakiwa na wanawake watatu: Melvina, na mabinti wawili wa binamu yake waliofunga makopo ya maziwa badala ya magamba, wanaojua kufuata lakini bado hawajui kutangulia.

Tena huo haukuwa mwaka wa kukosa. Miaka miwili mfululizo ngoma ilikatika kabla ya alfajiri kwa uhaba wa wanawake. Mwezi Juni, mjomba wao Roley, ambaye ndiye mekko, mkuu wa uwanja, alisimama mbele ya watu akasema kama Sikukuu ya Mahindi Mabichi safari hii haitafika asubuhi, moto utalazwa. Utafunikwa udongo, vibanda vitabomolewa, na sisi tutakwenda kuomba nafasi kwenye viwanja vya wenzetu. Moto wenyewe ni ule ambao makaa yake yalibebwa kwa miguu kutoka Alabama, wazee wetu walipofukuzwa kwenye ardhi yao, watu wakianguka njiani, makaa yakiendelea. Majirani wangetusaidia, ndiyo, lakini Jumamosi hiyo hiyo viwanja viwili vikubwa vilikuwa na sikukuu zao. Nani angekuja kwetu?

Simu ilipolia mara ya tano, Melvina aliizika ndani ya pipa la unga, akafunika mfuniko, akamwendea mjomba wake.

Roley alikuwa kwenye kibanda chake cha matawi, midomo imemkauka kwa kufunga, ana miaka sabini na nne. Melvina hakukaa. Alimwambia kwamba Eula anapiga.

Mzee aliinama akatazama mikono yake. Mama yake Melvina alikuwa dada yake wa tumbo moja, aliyemlea tangu akiwa mtoto wa kutambaa. "Umepokea?" aliuliza.

"Sijapokea, Mjomba."

"Basi hatujui."

"Lakini tunajua."

"Hatujui, Melvina. Kujua ni kuambiwa. Ukiambiwa unatoka. Nikiambiwa mimi, natoka pia, na mekko akitoka hakuna ngoma." Alimeza mate ambayo hayakuwepo. "Unaweza kukanyaga mpaka kuche na hilo kifuani?"

Melvina alisema ataweza. Alisema hivyo kwa sababu mama yake alikuwa mwanamke wa kwanza wa uwanja ule kwa miaka thelathini, na magamba yale yalikuwa yake. Roley akamwita Wilburn, anayepanga magari getini, akamwagiza kwamba habari yoyote kutoka Tulsa isivuke geti mpaka asubuhi. Wilburn aliuliza, je, wakinilazimisha? Akaambiwa azibe masikio.

Jua lilipozama, gari la Hulen likaingia, likampita Wilburn akiwa anaelekeza gari jingine. Huyu Hulen ni mume wa Eula, mtu wa kanisa kama mkewe, mpole kupita kiasi, na ana kigugumizi kibaya. Anapiga gitaa kwenye ibada. Chini ya mguu ana kile kikasha chake cha umeme, akikikanyaga sauti inageuka na kuunguruma, waumini wanainua mikono. Mama ndiye aliyekuwa akimtania zaidi. Alikuwa akisema nyie na sisi wote twamfikia Mungu kwa nyayo, mwenzetu wewe umechomeka tu waya. Hulen alikuwa akicheka mpaka anafuta machozi.

Melvina alimwona akishuka. Alimwona akivua kofia yake na kuikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hakukuwa na njia ya kumkwepa, maana kambi ilikuwa kati ya geti na uwanja.

"She-shemeji," Hulen alianza. "Ma... Ma... Mama..."

"Usiseme." Melvina aliinua kiganja karibu kabisa na uso wake. "Nakuomba kwa huyo Mungu wako, Hulen. Usiniambie mpaka kuche."

Hulen alitikisa kichwa kwa nguvu, mishipa ya shingo imemsimama, neno limemkwama. Wakati huohuo mtu wa fimbo, yule anayeita zamu za waimbaji, alikuwa anapita vibandani akiita kiongozi wa kwanza. Melvina akageuka, akakimbia na magamba yake miguuni, akavuka mpaka wa uwanja ambao shemeji yake, kwa dini yake na kwa heshima yake, asingeuvuka hata angelipwa. Hulen akamrudia Wilburn getini. Wilburn alipomwona anakuja alitia vidole masikioni na kuondoka zake, mtu mzima na kitambi chake.

Kiongozi akaita, wanaume wakaitikia, msururu ukaanza kuuzunguka moto. Melvina akaingia mahali pake. Kulia, kushoto, kulia, kushoto, nyayo bapa, magoti yamelegea, kokoto zikisema kwa pamoja ndani ya magamba. Alidhani mwili utamsahaulisha. Wapi! Kila mzunguko alimwona mama yake amefunikwa shuka mpaka kichwani, na kila mzunguko alimwomba msamaha. Alikuwa akilia waziwazi. Gizani, na vumbi lile na moshi ule, nani atauliza?

Saa nne, saa tano, saa sita. Kila wimbo ulipokwisha mabinti walikwenda kunywa maji, na mmoja alirudi akasema, "Shangazi, pipa la unga linalia."

"Liache lilie."

"Halinyamazi, Shangazi."

Melvina akamwambia akinyanyua mfuniko ule atamjua yeye ni nani. Alijisikia mkatili, na kweli alikuwa mkatili. Alijiambia Eula anataka kumkomoa, anataka kumtoa uwanjani kwa nguvu ili moto wa mashetani ufe, maana alishawahi kuuita hivyo mbele ya Mama. Hasira ilimsaidia kama saa moja hivi. Halafu hasira nayo ikaisha, akabaki na goti lake la kulia lililovimba na damu inayochuruzika kisiginoni pale kamba zilipomkata.

Saa nane mtu wa fimbo alimwendea Roley akamnong'oneza kwamba mwanamke wa kwanza anapepesuka. Roley alitoka kibandani, akaja mwenyewe kuongoza. Hakumtazama Melvina. Alianza wimbo kwa sauti iliyopasuka, sauti ya mzee mwenye kiu, na Melvina akamfuata mgongo tu, ule mgongo wa mjomba wake aliyefiwa na asiyetaka kujua kuwa amefiwa, wakazunguka pamoja hivyo, mtu na mpwa wake.

Baada ya saa tisa binti alileta habari kwamba pipa limenyamaza. Melvina akashukuru. Ndiyo, alishukuru, akasema moyoni asante, sasa niacheni nimalize.

Wakamaliza. Kulipopambazuka kulikuwa na miguu inauzunguka moto, na jua la kwanza likawakuta wanazunguka. Wanaume wazima walikuwa wanakumbatiana. Wilburn alikuwa analia kama amefiwa yeye. Roley alisema maneno machache, kwamba moto uko macho na utakuwepo mwakani, na mabinti wale wawili wakapiga vigelegele mpaka wakaambiwa wanyamaze. Kisha mzee akamshika Melvina mkono, wakatoka wote wawili kuelekea getini polepole, kwa sababu yeye hakuweza kukunja goti na mzee hakuwa na nguvu.

Hulen alikuwa ameketi kwenye ngazi ya gari lake, macho mekundu, kofia bado mkononi.

"Haya," Roley alisema. "Sasa tuambie. Tuko tayari."

Hulen aliwatazama mmoja mmoja. Safari hii neno halikumkwama. Alilitoa taratibu, kama mtu aliyelirudia usiku kucha.

"Aliamka," alisema. "Jana saa kumi jioni. Alifumbua macho akasema ana njaa."

Roley alishika mlango wa gari. Melvina alisikia, lakini ilikuwa kama maneno ya watu wengine.

"Eula alifurahi akasahau alichokuambia. Akapiga. Mama alikuwa anataka kuongea na wewe. Mimi nilitumwa nikuchukue."

"Yuko wapi sasa?" Melvina aliuliza. "Hulen. Mama yuko wapi?"

"A-ameondoka. Saa tisa usiku. Eula kanipigia."

Melvina alimshika Hulen mkono.

"Alisema nini?" aliuliza.

"Hakusema mengi. Eula alimshikia simu sikioni. Ikiita, Mama anasema, mngojeni, anakuja. Ikikatika anasema, piga tena."

Nyuma yao watu walikuwa wanamwita mwanamke wa kwanza arudi, aje ale kabla ya wengine, na sofki ilishamiminwa bakulini. Roley akawageukia, akawapungia mkono kwamba waanze tu, kwa sababu yeye na mpwa wake hawakuruhusiwa tena kuingia.