Mguno wa Wimbo wa Nne

Bendi ilikuwa ya watu watatu: dada aliyeimba na kupiga gitaa, mpiga besi, na kaka yake dada kwenye drams. Walipiga roki bila kampuni yoyote nyuma yao. Kaka walimwita Mguno, maana kila aliposhika vijiti aliguna wimbo puani bila kujijua.

Homa ilimuua wakati albamu yao ya kwanza imeshamalizika, haijatoka.

Ilipotoka, wahakiki waliipokea vizuri. Mmoja alisema maneno yamepwaya. Lakini mwingine, mhakiki wa gazeti ambaye hamsifu mtu ovyo, aliandika: "Sikilizeni wimbo wa nne. Nyuma ya mwimbaji kuna mwanamume anaguna. Huo ndio moyo wa albamu."

Dada aliposoma hayo, chai ilifurika jikoni asiione. Akaenda moja kwa moja studio kwa fundi wa sauti.

"Si kaka mwenyewe alikuomba uufute mguno wake?"

"Nilijaribu," fundi akasema. "Umeingia kwenye vipaza sauti vyote vya drams. Ukimtoa yeye, utoe na drams."

Akafungulia drams peke yake. Mguno ukajaa chumbani, karibu kabisa, kama wa mtu aliyesimama nyuma ya kiti. Dada akageuka. Hapakuwa na mtu.

"Zima, tafadhali."

Mama yao, ambaye tangu mazishi hakutaka kusikia muziki, alikuwa akipiga pasi dada aliporudi.

"Nasikia gazeti limemsifu mwanangu. Niwekee."

Akasikiliza, pasi mkononi. "Ndiye huyo. Na pua imeziba, kama kawaida yake." Wakacheka mpaka kicheko kikageuka kilio.

Tangu siku ile wimbo ulipigwa nyumbani kutwa. Wageni walijikuta wakinong'ona, kama kuna mtu amelala chumba cha pili.

Bendi ikatafuta mpiga drams mwingine, wakapanda jukwaani. Katikati ya wimbo wa nne, dada akausikia mguno. Vidole vikamteleza kwenye nyuzi. Akamtazama mpiga drams: naye anageuka kuitafuta sauti. Mpiga besi alikuwa ameacha kupiga.

Mhakiki wa gazeti akaandika kwamba jukwaani mguno ulimgusa kuliko kwenye albamu.

"Haki ya Mungu, mimi sikuguna," mpiga drams akaapa.

Dada akamsomea mama gazeti. Mama akainamisha kichwa.

"Ni mimi, mwanangu. Nilikaa mbele pale. Nikamsubiri aingie, nikaona anachelewa."

Dada akashusha pumzi. "Mama, umetutoa roho! Lakini mbona ilikuwa sauti ya kiume?"

"Mimi nilianza tu," mama akasema taratibu. "Yeye akanipokea."

Dada hakubisha. Wimbo huo bado wanaupiga, na mama hukaa mbele kila mara. Ila dada huuimba akiwatazama watu, wala hageuki nyuma.