Bakuli Chini ya Mkorosho

Mwanaima alikuja shambani na bakuli lililofungwa kwa kanga kuukuu. Aliliweka chini ya mkorosho, akasimama pembeni akimsubiri Nicholaus aache kufyeka.

"Shemeji, pumzika ule. Ni ming'oko ya porini, nimeichimba mwenyewe kule bondeni. Bado ya moto."

Nicholaus alinyoosha mgongo na kujifuta jasho kwa kiganja. Shamba lile lilikuwa la Mwanaima sasa, baada ya kuwa la Harithi, mume wake aliyekufa. Tangu Mwanaima amalize eda, kila alipokuja kulitazama alimkuta Nicholaus ameshafika, anafyeka majani chini ya mikorosho bila kuombwa na mtu.

"Asante, shemeji. Nitakula baadaye."

"Hata jana ulisema baadaye."

"Leo nitakula."

Mwanaima alimwangalia usoni, akaangalia mashavu yake yaliyobonyea na shati lililokuwa likimpwaya kama limeanikwa kwenye mti. Alikuwa na neno mdomoni, lakini hakulisema. Aligeuka akaenda zake.

Nicholaus hakula. Alifyeka mpaka jua likazama, na alipolirudia bakuli alikuta siafu wamelitangulia. Aliwakung'uta, akalifunga tena vizuri kwa ile kanga, akalipeleka mpaka kizingitini kwa Mwanaima na kuondoka bila kupiga hodi.

Kule Kilimarondo, mahindi yakikomaa tembo hutoka porini. Wenye mashamba jirani huwa wanalinda kwa zamu, kila mtu juu ya dungu lake, kichanja kirefu cha miti chenye paa la nyasi. Aliye zamu upande wa pori ana kazi moja tu, kuangalia moto wa pilipili usizimike. Ni kinyesi cha tembo kilichokaushwa na kuchanganywa na pilipili kali, na moshi wake ukiwafika puani hugeuka wakarudi walikotoka.

Mwezi wa Mei, Harithi angali hai, zamu ya moto ilikuwa ya Nicholaus, mzee wa kanisa. Harithi alikuwa kwenye dungu la pili. Walikuwa watani tangu ujana wao, na jioni ile Harithi alimpigia kelele kutoka juu: "We Nicholaus, sali unavyosali, lakini moto uuchochee! Tembo hawamjui Yesu wala hawamjui Mtume. Wanaijua pilipili!"

Nicholaus alicheka sana. Halafu akapiga magoti juu ya dungu lake, akaanza kuomba kwa sauti. Alipenda madungu mengine yamsikie. Kijijini walikuwa wakisema hakuna anayeomba kama Mzee Nicholaus, na yeye aliyajua maneno hayo, na yalimpendeza. Aliomba muda mrefu. Alipofumbua macho, moshi haukuwepo, tembo walikuwa wameshaingia, na dungu la Harithi lilikuwa chini, naye amekufa.

Hakuficha. Siku ya maziko alisimama mbele ya watu akasema moto ulizimika mikononi mwake. Watu wakasema ni ajali, siku ya Harithi ilikuwa imefika. Ndugu wa marehemu wakampa mkono. Hakuna aliyempeleka polisi wala aliyemtukana, na hilo likawa zito kwake kuliko matusi, maana hakukuwa na mahali pa kuupeleka uovu wake ukaadhibiwa ukaisha.

Basi akaanza kujiadhibu mwenyewe. Aliweka nadhiri kwamba hatatia kitu mdomoni jua likiwa juu mpaka Mungu ampe ishara kwamba amesamehewa. Usiku alikunywa uji mwepesi tu. Nadhiri hiyo aliijua mkewe Lusia peke yake. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha watu kwamba kufunga kwa kujionyesha ni kazi bure, na sasa alijua zaidi ya kufundisha, maana kujionyesha ndiko kulikomuua Harithi. Kwa hiyo mtu akimwuliza mbona hali, alisema atakula baadaye.

Ishara haikuja. Alifyeka kwa Mwanaima, akaziba paa lake, akambebea maji. Kila jioni alijichungulia moyoni kuona kama kuna kilichopungua. Hakikupungua kitu. Kanisani aliacha kwenda kwenye meza ya Bwana, akahamia benchi la nyuma karibu na mlango, akawa mtu wa kwanza kutoka.

Mchungaji Geofrey alimfuata nyumbani. Alikuwa kijana bado, na mafundisho yake ya ubatizo aliyapata kwa Nicholaus huyu huyu, kwenye darasa la jioni chini ya paa la bati.

"Mzee, umekonda. Mama hapa anasema unajiua."

"Lusia ana maneno mengi."

"Nina maneno mengi kwa sababu wewe huna hata moja," Lusia alijibu kutoka jikoni. "Mchungaji, mwulize nitavaa lini nguo nyeusi, nianze kushona."

Geofrey alikaa kwenye kigoda, akasogea karibu. "Mzee wangu, nani aliyenifundisha kwamba mtu haokolewi kwa matendo yake? Ni wewe. Ulisema neema ni zawadi, na imani ni mkono unaopokea. Mpaka leo nahubiri maneno yako."

"Nilifundisha hivyo."

"Sasa?"

Nicholaus aliyatazama malengelenge viganjani mwake. "Nilifundisha kwa ajili ya dhambi ndogo, mwanangu. Mtu ameiba kuku. Mtu amelewa, amempiga mkewe, kesho analia. Sikujua kama kuna hii. Harithi yuko chini. Nani atanisamehe badala yake?"

"Damu ya Yesu inatosha."

"Najua inatosha. Inawatosha watu." Alivifumba vile viganja. "Ila nikifunga macho kuomba, naona moshi haupo. Nikisema Baba yetu, nasikia miti inavunjika. Wewe unadhani Mungu anataka kuisikia tena sauti hii?"

Geofrey aliinama mbele. Alimshika mkono wakakaa hivyo, na alipoondoka macho yake yalikuwa mekundu.

Haikupita wiki, Lusia akarudi kutoka kisimani, akasimama mlangoni na ndoo bado kichwani.

"Mwanaima ameondoka."

"Ameenda wapi?"

"Ruangwa, kwa dada yake Raudha. Amefunga nyumba. Unajua kwa nini?"

Nicholaus alitikisa kichwa.

"Vitumbua alivyokuwa akiuza havikuwa vinanunuliwa tena. Alikuwa anakaanga asubuhi, jioni anawapa kuku. Watu wamesema, Nicholaus anamlimia mwanamke yule kila siku, lakini chakula chake hakigusi. Bakuli linarudi limejaa. Mzee wa kanisa anajua kitu. Mwanamke yule anaweka vitu kwenye chakula." Lusia alitua ndoo, maji yakamwagika. "Wengine wamefika mbali. Wanauliza kama kweli Harithi aliuawa na tembo, au tembo walitumwa na mkewe."

"Mimi sijasema neno lolote!"

"Ndiyo hivyo. Hukusema. Ungesema umefunga, yangekuwepo haya?"

Nicholaus alikaa chini kwenye udongo, palepale alipokuwa. Alikuwa na fyekeo mkononi, lile alilokuwa akilitumia shambani kwa Mwanaima, na alilitazama kama nyoka. Mahali pekee alipodhani anatengeneza, alikuwa akibomoa. Mume alimuua kwa kuomba, na mke amemfukuza kwa kufunga. Na kwa kuwa alikuwa ameishiwa, kwa kuwa hakubaki na tendo hata moja ambalo halikuoza mkononi, alilia kwa sauti kama mtoto, na hakujali nani anasikia.

"Sina kitu, Lusia," alisema. "Hakuna nitakachofanya kikawa kizuri. Nimekwisha. Akinitupa, hakosei."

Lusia alipiga magoti mbele yake. Hasira ilikuwa imemtoka yote. "Basi usifanye kitu. Twende tu kwa Mwanaima. Usibebe jembe wala panga. Uende mikono mitupu."

"Nikaseme nini?"

"Ukale."

Asubuhi walipakizana kwenye bodaboda mpaka Nachingwea mjini, wakapanda basi la Ruangwa. Kituoni Lusia alimnunulia chai, akaikataa.

"Nadhiri bado?" aliuliza kwa uchungu.

"Hapana. Nataka cha kwanza kiwe chake."

Njiani aliegemeza kichwa dirishani. Lusia alimfunika kwa kitenge chake. Alijaribu kuomba akashindwa. Yakamtoka maneno mawili tu, nihurumie Bwana, na hata hayo aliyasema bila kujua kama yanafika.

Walimkuta Mwanaima karibu na stendi ya Ruangwa, pembeni ya soko, amekaa nyuma ya karai. Dada yake Raudha alikuwa akichanganya unga wa mchele kwenye beseni. Kulikuwa na wateja kwenye benchi, na wawili kati yao walikuwa wa Kilimarondo, wamekuja kwa shughuli zao sokoni. Walipomwona Nicholaus waliacha kutafuna.

Raudha alisimama na mwiko. "Huyu ndiye? Baba, umefuata nini huku? Kule umeshamaliza, sasa umekuja kutufungia biashara hata Ruangwa?"

"Dada, mwache," Mwanaima alisema. Hakuinua macho kutoka kwenye mafuta. "Karibu, shemeji. Mbona umebaki mifupa?"

Nicholaus alisimama mbele ya karai.

"Naomba kitumbua."

"Huogopi?" Mwanaima aligeuza vitumbua kimoja kimoja. "Watu wanasema ninaweka vitu."

"Shemeji, nilikuwa nimefunga. Tangu mazishi. Niliweka nadhiri nisile mchana mpaka Mungu anionyeshe kama amenisamehe. Sikumwambia mtu. Sikujua itakurudia wewe. Nimekuumiza mara mbili." Aliwageukia wale wawili wa kwenye benchi. "Mmesikia? Nilikuwa nimefunga. Chakula cha huyu mama hakina neno. Neno liko kwangu."

Mwanaima aliinua macho sasa. Yalikuwa yamejaa machozi na hasira pamoja.

"Mpaka Mungu akuonyeshe," alisema polepole. "Na mimi niliyekuwa naleta bakuli nilikuwa nafanya nini? Nimetoka eda, sina nguvu, naingia porini nachimba ming'oko mpaka kucha zinatoka. Unadhani ninamchimbia nani? Kibarua? Nilikuwa nakwambia, mzee. Sikujua kusema kwa mdomo, mbele yako naona haya, nikasema kwa chakula. Nilikusamehe siku ile ya maziko. Kila siku nakuletea msamaha, na wewe unaulisha siafu."

Nicholaus aliliona tena bakuli chini ya mkorosho. Aliiona ile kanga kuukuu, na mvuke wa ming'oko, na yeye mwenyewe kando yake, ameligeuzia mgongo, akifyeka kwa bidii huku akiitafuta ishara juu mbinguni.

Alitia mkono mfukoni.

"Toa mkono huko," Mwanaima alisema. "Ukilipa hiki, ondoka nacho."

Aliutoa mkono ukiwa mtupu. Mwanaima aliopoa kitumbua, akakipulizia kidogo, akakiweka kwenye kiganja chake kilichojaa malengelenge. Kilikuwa cha moto sana. Nicholaus hakukirusha mkono kwa mkono kama watu wafanyavyo. Alikiuma. Utamu wa nazi na iliki ulimjaa mdomoni, na koo lililozoea uji wa usiku likakataa kwanza, kisha likakubali.

Mwanaima hakumpa ishara yoyote. Alikuwa amesema tu, na Nicholaus alimwamini. Aliposhangaa kwamba amemwamini, moyo wake ukaanza kugeukia kwingine kwa woga, kwa Yule ambaye naye alishasema zamani, na ambaye yeye, mwalimu wa wengine, alikuwa amemwacha amesimama shambani na bakuli mkononi. Kule dungu lilikoanguka bado aliona giza, wala halikuondoka. Lakini kwa mara ya kwanza tangu Mei hakuwa peke yake ndani ya giza hilo.

Mmoja wa wale wa Kilimarondo alikohoa, akasogea kwenye benchi kumpisha.

"Mama, niongezee viwili," alisema kwa sauti ya aibu.

"Subiri," Mwanaima alijibu. "Kuna mgonjwa hapa." Akachukua kitumbua kingine, akakiweka kwenye kiganja cha Nicholaus kabla hajamaliza cha kwanza.

Nicholaus alitaka kumwambia hastahili, lakini mdomo ulikuwa umejaa. Lusia alimvuta akaketi, naye akaendelea kutafuna, machozi yakidondokea kwenye kitumbua cha pili, wala hakuyafuta.