Injini ya Mshona Magodoro

Jumanne saa tatu asubuhi Evaristo Guelmes aliingia katika karakana ya Zoraida Fonseca akiisukuma rikimbili yake, jasho likimtiririka hadi kwenye viatu. Rikimbili ni baiskeli iliyotiwa injini ndogo, na mjini San Eladio kila mtu asiye na gari ana moja au anaisubiri. Ya Evaristo ilikuwa baiskeli ya Kichina. Injini yake ilitoka kwenye mashine ya mgongoni ya kupulizia dawa ya mbu, na ilizungusha rola ya chuma iliyokandamizwa juu ya tairi la nyuma.

"Fundi, mnyama wako kanitupa tena."

"Mnyama wangu? Injini uliileta mwenyewe kwenye gunia, umeikumbatia kama kichanga."

"Lakini wewe ndiye uliyeapa itatembea."

"Niliapa itatembea. Sikuapa itakutii."

Zoraida alikuwa na miaka sitini na mmoja. Thelathini kati ya hiyo aliimaliza katika kiwanda cha sukari, akichonga vyuma, mpaka kiwanda kilipofungwa na watu wakabaki kucheza domino. Yeye hakupenda domino. Alipenda injini zenye kasoro, na kadiri kasoro ilivyojificha ndivyo alivyoipenda zaidi.

"Inazima ghafla au inakohoa kwanza?"

"Inakohoa mara mbili, inazima. Navuta kamba mpaka bega linauma, wapi! Nakaa chini. Baadaye naivuta mara moja tu, inawaka."

Alifungua plagi, akaisugua kwa waya mpaka ikang'aa. Akaikwaruza rola ili isiteleze tairi likilowa umande. Alhamisi Evaristo akarudi akisukuma. Zoraida akazibua kitundu cha hewa kwenye kifuniko cha tangi, maana kikiziba mafuta hayashuki, na ukisubiri kidogo yanashuka tena. Jumamosi Evaristo akarudi akisukuma.

"Basi ni koili," Zoraida akasema. "Ikipata moto inalala, ikipoa inaamka." Akampa chupa ya maji ya kuipoozea, pamoja na karatasi. "Kila ikizima, andika wapi, saa ngapi, na imelala muda gani."

"Mimi mshona magodoro, fundi, si karani."

"Basi shona kwa kalamu."

Baada ya wiki mbili karatasi ilirudi na vituo kumi na sita, kila kimoja mbele ya nyumba tofauti. Zoraida aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi akaisoma tena. Iwe jua, iwe mvua, iwe koili imemwagiwa maji au haikumwagiwa, injini ililala dakika arobaini na tano. Si arobaini na nne. Pembeni Evaristo alikuwa ameandika: *moshi mweupe, watu wametoka nje.*

"Moshi gani, na injini imezima?"

"Huo wa ekzosi. Unatoka polepole, unaingia dirishani kwenye nyumba iliyo mbele yangu. Wenyewe wanatoka na viti na vizimba vya ndege, wanafunga mlango, tunangoja pamoja. Ukiisha, naondoka. Nikipita tena siku nyingine, haisimami hapo."

"Na hawakulalamika?"

"Walalamikie nini? Wengi wamenipa kahawa. Bibi Casilda tu ndiye aliyenisema, eti nimechelewa miaka mitatu."

Kila mtu San Eladio anajua kwamba nyumba iliyopulizwa dawa hufungwa dakika arobaini na tano. Zoraida naye alilijua hilo, akaona haya kidogo kwamba hakulifikiria mapema. Aliomba aachiwe rikimbili hadi Jumatatu.

Aliiendesha kwenda kwake, mtaa wa Los Hornos, upande wa pili wa mji. Ilikwenda vizuri, ikinguruma kwa sauti moja, rola ikishika tairi barabara. Alipofika mbele ya mlango wake ikakohoa mara mbili, ikazima.

Zoraida akaingia ndani, akafunika chungu cha maharage, akatoa kiti, akafunga mlango. Moshi ukapita dirishani. Alikaa kando ya barabara mikono ikiwa mapajani, akiutazama kupitia dirishani jinsi unavyotafuta pembe za chumba cha nyuma, kile cha dada yake Herminia, na kukaa humo kuliko pengine pote. Muda ulipotimia akaingia. Mbu walikuwa wametapakaa sakafuni kama ufuta. Akawafagia. Kisha akageuza mlango, akaitazama kadi.

Kila nyumba ina kadi hiyo nyuma ya mlango, na wapulizaji huitia sahihi. Ya Zoraida ilisema nyumba imepulizwa tarehe tisa Agosti, miaka mitatu nyuma. Aliikumbuka siku hiyo. Alikuja kijana mmoja bila mashine, akaomba kadi, akaweka sahihi juu ya goti, akaondoka. Tarehe ishirini na mbili Herminia alikufa kwa homa. Mkaguzi alikuja baada ya mazishi, akakuta gilasi ya maji ambayo Herminia aliwawekea wazazi wao waliokwishakufa, akaandika kwenye faili, kwa kuwa maji yaliyotuama huzaa mbu: *uzembe wa wenye nyumba.* Na aliyekuwa akiijaza gilasi ile kila Jumatatu ni Zoraida. Hilo hakuwahi kumwambia mtu.

Jumatatu yeye na Evaristo walizizunguka zile nyumba nyingine kumi na sita kwa miguu. Kadi zote zilikuwa na wiki ileile na sahihi ileile. Evaristo hakuhitaji kadi.

"Magodoro ya humu nimeyashona yote," alisema. "La mwenye homa linajulikana. Pamba ya katikati inakuwa na chumvi."

Wakaenda kituo cha wapulizaji. Remberto, mkuu wa kituo, aliwapokea vizuri, akawavutia viti, akaagiza kahawa.

"Dada Zoraida, kadi inasema nini?"

"Inasema mlipuliza."

"Basi mlipuliziwa."

"Hamkuja, Remberto. Baiskeli ya huyu ndiyo iliyokuja. Juzi."

"Nimesikia. Inafanya kazi nzuri."

"Mafuta ya mashine ya Agosti ile yalikwenda wapi?" Evaristo akauliza.

Remberto akatazama nje, lilikoegeshwa gari lake, kana kwamba jibu lingekuja kutoka huko.

"Mimi sitaki mafuta," Zoraida akasema. "Nataka ufute mstari mmoja kwenye faili la dada yangu."

"Faili limefungwa."

"Lifungue."

"Dada yangu, nikifungua hilo itanibidi niyafungue yote. Na yakifunguliwa yote, sisi sote hapa tutakula nini?" Alisema kwa huruma ya kweli, machozi yakimlengalenga. Kisha akachukua kalamu. "Lakini hizo nyumba kumi na saba, nitajieni moja moja. Tuziandike."

Wakamtajia, wakidhani ameguswa. Mwisho wa mwezi taarifa ya kituo ilionyesha nyumba kumi na saba zilizopulizwa nje ya mpango, na kituo kikatunukiwa bendera ndogo nyekundu ya ushindi. Ikatundikwa juu ya mlango wa ofisi. Faili la Herminia lilibaki kama lilivyokuwa.

Siku hiyo bendera ilipotundikwa, Zoraida hakufungua karakana. Alikwenda makaburini, akakaa kwenye ukingo wa kaburi la dada yake, akasema kwa sauti ya kawaida, kama anayeagiza kitu dukani: "Haikuwa gilasi." Akakaa mpaka jua likawa kali. Aliporudi, Evaristo alikuwa akimsubiri mlangoni.

"Kuna mtu ananipa injini ya pampu ya maji," alisema. "Nzima kabisa. Anasema haizimi."

Zoraida alifikiri. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu: boliti nne na waya wa mafuta.

"Hiyo itakupitisha kila mahali bila kusimama."

"Ndiyo anavyosema."

"Unaitaka?"

Evaristo akaibonyeza rola kwa kidole gumba, akapima springi, akafuta mafuta kwenye suruali.

"Watu wa mtaa wa juu wameshaniuliza nakwenda lini," alisema. "Nina magodoro mawili huko. Zile kadi zao nazo nimeziona."

"Nyumba ngapi?"

"Tisa."

Zoraida akamkazia nati za rola, akampa plagi ya akiba. Kesho yake Evaristo aliondoka kabla jua halijachomoza, akiwa amefungasha chakula cha mchana.