Jina Nililolipaza Langoni

Mume wangu alikuwa hakai. Tangu pamba ipande bei na mji wetu wote wa Surat, huku Bara Hindi, uanze kumwita tajiri, alichimba visima, akajenga shule, na kabla chokaa ya shule haijakauka akawa anapima kiwanja cha nyumba ya wasafiri. Chapati yake aliila amesimama. Na kila alichojenga kilikuwa na jina lake juu, limechongwa kwenye jiwe.

"Mji mzima unanitaja," alinitania asubuhi moja nikimmiminia mtindi, "isipokuwa wewe, Mama Jivan."

"Nikutaje ufe? Hebu kaa chini ule, Baba Jivan."

Kwetu mke hamwiti mumewe kwa jina. Akimwita, anampunguzia miaka. Nami nilimpenda, nilimtaka aishi. Tangu niolewe sikuwa nimelitamka, hata peke yangu.

Siku ya kufungua nyumba ya wasafiri, wanawake tulikaa roshani ya ng'ambo, ushungi usoni. Mafundi walikuwa bado wanalipandisha lile jiwe la jina kwa kamba, juu ya lango. Yeye ndiye aliyewaharakisha. Mara anawaamkia makuhani, mara anagombana na wapishi wa vitamu vya ladu. Nikaona kamba inafumuka. Naye huyo, anaelekea langoni, uso kageuzia nyuma, anaongea.

"Baba Jivan! Simama!"

Hakugeuka. Pale chini kila mwanamume alikuwa baba wa mtu, na kila mtu alikuwa anaitwa.

"Tribhovandas!"

Alisimama kama aliyepigiliwa, akainua macho roshani, kinywa wazi. Jiwe likaanguka mbele yake, likapasuka vipande vipande.

Mama mkwe alinibana mkono. "Umemkata miaka mwanangu, wewe!"

"Nimemwachia iliyobaki, mama," nikamjibu.

Hakuchongesha jiwe jingine. Jioni ile alikula ameketi, akamaliza, akaniangalia.

"Sema tena."

"Thubutu!"

Alicheka mpaka machozi. Siku hizi ametulia kabisa. Visima vipya anamwachia Jivan. Mimi ndiye nisiyekaa. Akikohoa tu, nimeshasimama. Akilala mchana, naacha kazi zangu nakwenda mlangoni kumsikiliza anavyopumua, na moyo unaniuliza ni miaka mingapi niliyomkata.