Sakafu Nyuma ya Darasa

Karatasi ya kumi na moja ilipomwambia yale yale, Mwalimu Ruweida aliweka chini kalamu nyekundu, akazipanga zote mezani. Watoto kumi na mmoja, miandiko kumi na moja, na sentensi moja tu: "Nyumba gani hiyo isiyokuwa hata na kizingiti?"

Swali lenyewe la mtihani alikuwa amelitunga kwa fahari. Mada ya kilimo cha karafuu aliisomesha wiki tano, na mwishowe akawataka wanafunzi wake wa kidato cha pili wachague kitu kimoja cha kale kilicho jirani na skuli, waeleze kinawafundisha nini. Mfano alikwishawapa: ile sakafu ya mawe na chokaa nyuma ya darasa, ambapo wasichana huruka kamba wakati wa mapumziko. Aliwaambia kuwa ule ni msingi wa nyumba ya afisa wa Kiingereza aliyesimamia mashamba ya Wawi. Wanafunzi ishirini na tisa walimrudishia afisa wake mzima mzima, na Abrahman, kijana asiyejua kukosa, alimwongezea hata baraza ya kunywea chai.

Kumi na mmoja walimkataa afisa. Hao ndio walioikacha skuli wiki mbili za msimu, wakaenda kuchuma karafuu shambani kwa Bi Mwatima, mama mtu mzima wa hapo Wawi. Ruweida aliwasema hadi ulimi ukachoka. Sasa walikuwa wameandika kwamba sakafu ile ilijengwa kwa ajili ya kuanikia karafuu. Aliwapa sifuri.

Mwalimu Mkuu, Dionis, aliyekuja kisiwani kutoka bara na kukipenda, alikuwa mtu wa haki na mtu wa maandishi. Alipoonyeshwa karatasi zile, alisema sentensi haina miguu. Ikifika madawati kumi na moja, ipo mikono iliyoipeleka. Aliagiza majina yamfikie kabla ya mkutano wa wazee siku ya Alhamisi. Watoto hao wangefutiwa mtihani mzima na kusomwa hadharani mbele ya baba na mama zao. Ruweida alikubali papo hapo. Tena tuseme kweli, jambo lenyewe lilimfaa, kwani wakiondolewa wale, wastani wa darasa lake ungekuwa wa juu kuliko miaka yote tisa aliyosomesha pale.

Lakini orodha haikuandikika. Wachumaji wale hawakukaa pamoja chumba cha mtihani. Aliwatawanya yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akiwashuku tangu mwanzo. Na sentensi ile haikuwa ya mtoto. Ilikuwa na sauti ya mwanamke aliyeweka mkono kiunoni. Akamwita Khairat, mmoja wa wale kumi na mmoja, akamuuliza kapata wapi maneno yale.

Khairat alitazama vidole vyake, ambavyo bado vilikuwa na weusi wa utomvu. Alieleza kuwa kila alasiri walikaa jamvini kuchambua karafuu, na Bi Mwatima hajui kuchambua kimya. Siku moja waliitaja nyumba ya afisa, naye akauliza nyumba gani hiyo isiyokuwa hata na kizingiti, akacheka mpaka akajifuta machozi kwa ukaya aliojitanda kichwani.

"Kasema sakafu hino ya karafuu, kaijua tangu yu mdogo," alisema Khairat. "Sie tukamwambia, mwalimu kasema nyumba."

"Naye akasemaje?"

"Kasema tusimwamini mwalimu, wala tusimwamini yeye. Tukaimwagie sakafu maji, nasi tukaimwagia upande wa juu."

Ruweida alimruhusu aende. Watu walipokwisha kutawanyika, alijaza ndoo bombani, akazunguka nyuma ya darasa. Miaka tisa alipita pembeni ya sakafu ile, na kabla ya hapo alipita akiwa mwanafunzi, lakini alikuwa mtoto wa Madungu, wa mjini, na karafuu aliijua ikiwa tayari imo guniani. Aliizunguka akitafuta kizingiti. Hakukuwa na kizingiti, wala alama ya ukuta. Akamwaga maji upande wa juu.

Maji yalisita kidogo, kisha yakashika njia moja, yakaingia katika mchirizi uliofunikwa na majani, yakatokea nje. Alikwenda kujaza ndoo ya pili, akaimwaga pembe nyingine, maana mtu akishindwa hutaka ashindwe kwa haki. Maji yakafuata njia ile ile. Sakafu ilikuwa imejengwa mteremko na fundi aliyeiogopa mvua kwa ajili ya karafuu zake.

Aliona haya. Habari za afisa alipewa na mwalimu wake, akiwa katika darasa lile lile, akazipokea na kuzipitisha kama sahani ya halua arusini. Hata hivyo, alijikuta anacheka peke yake. Miaka yote aliomba apate japo mwanafunzi mmoja wa kumdai ushahidi. Wamekuja kumi na mmoja kwa mpigo, naye akawapa sifuri.

Asubuhi ya Jumatano aliingia ofisini kwa Mwalimu Mkuu na orodha mkononi. Dionis aliisoma, akavua miwani, akaisoma tena.

"Haya ni majina ishirini na tisa, Mwalimu Ruweida. Abrahman naye yumo?"

"Yumo. Hao ndio walionakili, Mwalimu Mkuu. Wamenakili kwangu, neno kwa neno. Na mimi nilinakili kwa mwalimu wangu."

Akamsimulia habari ya ndoo mbili. Alisema wachumaji atawaadhibu kwa utoro wao wa wiki mbili, na wazee atawaeleza hivyo kwa kinywa chake, lakini zile sifuri atazifuta, kwani alama za swali lile ni halali ya wale kumi na mmoja. Waliobaki hawezi kuwaadhibu kwa kosa lake. Watalijibu swali upya. Dionis alimkumbusha kuwa wastani aliokuwa akijivunia utashuka.

"Utashuka," alisema Ruweida, wala hakuona uzito kulitamka.

Dionis aliikunja orodha, akamrudishia. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, kama mchirizi huo unaonekana bado.

Kipindi cha tatu darasa zima lilisimama nyuma ya jengo. Abrahman alikuwa mbele, daftari wazi na kalamu tayari.

"Mwalimu, tuandike nini?"

Ruweida alilichukua daftari lake, akalifunga, akampa ndoo.

"Mwaga kwanza."

Abrahman aliizunguka sakafu polepole, akaipita pembe ya kwanza, akaipita ya pili, akasimama kwenye pembe ambayo hakuna aliyewahi kuimwagia maji, hata mwalimu wake. Ruweida akasogea karibu apate kuona.