Bahari ya Kipngetich

Mama hakujua kusoma, na kwa miaka kumi na mmoja niliishi kwa hilo. Kila Jumapili tukitoka kanisani aliketi kwenye benchi nje ya jikoni, akanyoosha miguu juani na kusema, "Haya Weldon, nisomee. Kipngetich amesema nini?" Nami, mzee mzima wa miaka hamsini na mitatu, ninayepitisha sahani ya sadaka mbele ya watu, nilitoa simu mfukoni, nikakunja uso, nikamsomea ujumbe ambao haukuwepo.

Kipngetich alikuwa mdogo wangu. Mama alijua yuko Mombasa, kazi ya bandarini. Mimi nilijua yuko chini ya bwawa la shamba kubwa la chai, mwendo wa dakika ishirini kutoka kwenye benchi hilo. Hakuna mwingine aliyejua.

Ilikuwa mwisho wa Februari, kiangazi, na miche yetu ya chai ilikuwa inanyauka. Tuliamua kuvuta maji ya bwawa bila kumuuliza mtu. Kipngetich aliingia majini na mpira wa maji begani, gambuti miguuni, kamba kiunoni. Mimi nilibaki ukingoni na mwisho wa pili wa ile kamba. Tulikubaliana kwamba akivuta mara tatu, nami nimvute. Kisha mvua ya mawe ikaanguka, ile ya kwetu isiyopiga hodi, na mawe yakanipiga kichwani hadi nikaona giza. Nikaachilia kamba nijifunike kichwa na koti. Kidogo tu. Kamba ikaruka kwenye nyasi mara tatu, nikaiona vizuri, na mikono yangu ilikuwa kichwani. Nilipoinama kuishika ilikuwa imeshateleza majini, na mvua ilipokatika bwawa lilikuwa limetulia. Sijui kuogelea. Nilisimama pale nikaita jina lake hadi sauti ikaisha. Hakuibuka, siku hiyo wala siku zilizofuata.

Kitu kibaya zaidi ni kwamba alikuwa amepanga kuondoka. Kijiji kizima kilijua kwamba kesho yake asubuhi angepanda basi la Mombasa, na mfuko wake ulikuwa tayari mlangoni. Tulikuwa tumegombana mwezi mzima juu ya shamba la baba. Nikajiuliza nani ataamini kwamba niliachilia kamba kwa sababu ya mvua. Kabla ya jogoo kuwika nikachukua ule mfuko na kuuchoma kwenye tanuri la makaa, nikamwambia Mama kwamba mwanawe ameondoka mapema, hakutaka kumwamsha. Niliogopa, basi. Sina neno zuri zaidi la kuweka hapo.

Mwanzoni jumbe zilikuwa rahisi. Mzima, kazi nyingi, anasalimu. Mama alipouliza kwa nini hapigi simu asikie sauti yake, nilisema mtandao wa bandarini ni mbovu. Lakini siku moja akauliza, "Jumapili huko anafanya nini? Anaenda kanisa?" Nami kwa kukosa uongo wa karibu nikasema anavua samaki, ufukweni.

"Samaki!" Mama akatema mate pembeni. Kwa wazee wa rika lake, samaki ni nyoka aliyepotea njia. "Mtoto wangu anakula samaki?"

"Anavua tu, Mama. Anawapa wengine."

"Nani amemfundisha?" akauliza. "Anasimama wapi? Anashika nini?"

Sikujua. Mimi nimekua kwenye vilima na ng'ombe, na samaki niliyemjua ni yule wa kukaangwa wa stendi ya Kericho, niliyempita nikiwa nimeziba pua.

Mwaka huohuo akahamia jirani yetu Phelix, mtu wa upande wa ziwa, fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Siku zake za mapumziko alishuka bwawani na fimbo ya mwanzi. Nilimfuata kwa macho mara ya kwanza, nikamwona akizunguka ukingo mzima, akipima kwa jicho, kisha akasimama palepale. Palepale kamba ilipoingilia. Usiku huo sikupata usingizi, nikiona ndoana yake ikishuka polepole na kushika kitu.

Ndiyo maana nilimwendea. "Phelix, nifundishe hiyo kazi."

Alinicheka hadi akajifuta machozi. "Baba Winny! Wewe Mkipsigis utashika samaki? Si utaitupa ukikimbia?"

"Nifundishe tu. Na mahali hapa pako nitasimama mimi. Macho yangu ni ya mzee, huko mbele jua linaniumiza."

Alinipa mahali pale kwa heshima ya umri. Nikawa mlinzi wa kaburi mwenye fimbo mkononi, na watu wa shamba waliopita walinisalimu wakicheka.

Siku ya kwanza nilirusha uzi ukanasa kwenye koti langu mwenyewe, mgongoni. Siku ya pili nikanasa mti wa chai. Phelix alikuwa na subira ya mtu anayefungua nati iliyoshika kutu. Alinionyesha kufunga nati ya kiwandani kwenye uzi ili uzame, na kipande cha patipati, ndara kuukuu ya mpira, kielee juu. Alinionyesha kuivisha ndoana nyungunyungu bila kumkata. Halafu akanifundisha kuulaza uzi juu ya kidole cha shahada na kungoja. "Usiangalie maji. Sikiza na kidole," alisema. "Ngege inadonadona, hivi, kama kifaranga. Mumi, ile ya masharubu, inachukua na kwenda nayo. Hizo mbili tu. Ingine hakuna."

Lakini ilikuwepo nyingine. Niliisikia Jumamosi ya tatu. Uzi ulivutwa taratibu, ukaachiliwa. Ukavutwa, ukaachiliwa. Ukavutwa. Kisha kimya. Nilivuta fimbo, na nyungunyungu alikuwa mzima, hajaguswa.

"Mzizi huo," Phelix alisema. "Unapigwa na maji."

Hilo ni bwawa. Maji yake hayaendi popote.

Sikuacha kwenda. Ningewezaje? Jumamosi nilijifunza, Jumapili nilimsomea Mama. Kipngetich amejifunza kusikiliza kwa kidole. Kipngetich amepata mumi, akampa rafiki yake. Mama alianza kuzipenda jumbe hizo kuliko mahubiri. Alifunga macho akisikiliza, na mimi, Mungu anisamehe, nilianza kumwona mdogo wangu amesimama juu ya jiwe, suruali imekunjwa, mzima kabisa, akinicheka. Kuna Jumapili nilifurahi kwa ajili yake. Nilirudi nyumbani kwangu, ndipo nikakumbuka.

"Hiyo bahari," Mama alisema siku moja bila kufungua macho, "ina ukungu asubuhi?"

"Ndiyo, amesema kuna ukungu."

"Na vyura?"

"Wapo, Mama."

"Inafanana sana na bwawa letu. Mwambie avue gambuti akikaribia maji."

Sikuwahi kumtajia gambuti. Simu ilinitoka mkononi ikaanguka vumbini.

Baada ya miaka kumi na mmoja, mwezi wa tano, binti yangu Winny alijifungua mtoto wa kiume. Baba wa mtoto alikuwa mwanafunzi mwenzake pale chuoni Kabianga, na alikuwa ameshaikana mimba, kwa hiyo mtoto alikuwa wa nyumba yetu, na majina ya kumwita yalikuwa ya wafu wetu. Kwetu tunaita kurenet. Wanawake wazee wanamzunguka mtoto na kutaja waliotangulia mmoja mmoja, na yule anayetaka kurudi, mtoto akisikia jina lake anapiga chafya. Tumeokoka, ndiyo, lakini hilo hatujaliacha. Wafu peke yao ndio wanaoitwa. Ukimwita aliye hai unamchimbia kaburi, na hakuna mama mwenye akili atakayekubali jina la mwanawe litajwe hapo.

Mtoto wa Winny hakupiga chafya. Waliita majina kuanzia asubuhi hadi ng'ombe wakarudi. Wakamwita baba yangu, babu yangu, wajomba hadi wale ambao hakuna aliyewahi kuwaona. Mtoto aliwaangalia tu. Baada ya siku nne wakarudia, hivyohivyo. Kisha akaanza kulia, akaacha kunyonya vizuri, akapungua hadi ngozi ya mapaja ikalegea. Hospitalini Kericho wakampima kila kitu, wakasema hana ugonjwa. Winny alikuwa anakaa na mtoto kifuani, macho mekundu, akiniuliza mimi, "Baba, ni nani tumesahau?"

Nilijua ni nani. Nilijua pia kwamba nikilitamka jina lile, nitamuua Kipngetich wa Mama, yule wa ufukweni, na Mama ana miaka themanini na nne. Na nikinyamaza, mtoto alikuwa anakwisha mikononi mwa mama yake. Nilijua hayo yote, na Jumamosi nikashika fimbo nikaenda bwawani. Hivyo ndivyo nilivyo mwoga.

Phelix alikuwa amefika. Nilitupa uzi mahali pangu. Haikupita muda, kidole kikasikia. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu. Safari hii sikungoja. Nilivuta, na kitu kikavutika, kizito, bila kupigana.

"Polepole, polepole," Phelix alikuja mbio akifurahi. "Hiyo ni mumi mzee!"

Ilitoka gambuti. Nyeusi, imejaa tope, na kamba ya manila iliyooza imejisokota kwenye kifundo. Kisiginoni kulikuwa na kiraka chekundu cha tyubu ya baiskeli. Nilikibandika mimi mwenyewe, nyumbani, Kipngetich akinishikilia gundi.

Phelix alianza kucheka, maana wanaojifunza huvua viatu badala ya samaki, kisha akainua ile gambuti, akasikia uzito wake, akatazama ndani. Kicheko kikamkauka. Aliilaza kwenye nyasi kwa mikono miwili, akavua kofia.

"Baba Winny," alisema, "mimi nimezaliwa kwa maji. Huyu ni nani?"

Nilikuwa nimekaa chini, nalia.

"Sitakuuliza tena. Lakini kwetu mtu akikaa ndani ya maji, nyumba yake haitulii mpaka itajwe ni wapi. Hata kama hamna cha kuzika." Alivunja fimbo yake gotini, vipande viwili, akaviacha hapo. "Mimi hapa sivui tena. Na ile yenye nilikula hapa, Mungu anajua sikujua."

Nilifunika gambuti kwa koti langu, nikaiacha chini ya miti ya chai. Nilipofika nyumbani wanawake walikuwa wamekusanyika mara ya tatu. Mwanamume haingii huko. Nilisimama nje ya mlango na tope mikononi, nikasikiliza sauti ya Mama ikiita wafu, jina moja baada ya jingine, na baada ya kila jina kimya kile. Aliita hadi akamaliza. Nilimsikia Winny akianza kulia.

Kisha Mama akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Weldon. Najua uko hapo. Ingia."

Wanawake wakaguna. Niliingia nikiinama. Mama alikuwa kwenye kigoda, mtoto mapajani, mdogo hata kuliko siku aliyozaliwa.

"Mimi nimemaliza wangu," alisema. "Kama kuna mmoja umebaki naye wewe, mwite."

Alinitazama. Sikuona hasira katika macho yale, na afadhali ningeiona. Alikuwa ananiomba. Hata sasa sijui alikuwa ananiomba nilitamke au nisilitamke.

Nilipiga magoti mbele ya mtoto. Nikasema, "Kipngetich."

Mtoto akapiga chafya. Moja, kubwa, mwili mzima ukaruka.

Wanawake wakacheka kwa furaha, kama ilivyo desturi, vigelegele vikapanda hadi kwenye mabati. Halafu mmoja akanyamaza, na mwingine, kila mmoja alipokumbuka jina hilo ni la nani. Mtoto peke yake ndiye aliyesikika, akitafuta titi kwa mdomo, akisumbua kwa njaa.

"Wapi?" Mama aliuliza.

"Bwawani, Mama. Siku ile ya mvua ya mawe. Hakufika Mombasa."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Nikaona ameanza kuzeeka mbele yangu, kitu ambacho miaka kumi na mmoja ya uongo wangu ilikuwa imekizuia. Alimfunga mtoto vizuri ndani ya shuka, akamnyanyua, akanipa mimi.

"Mshike," alisema. "Na hata kukinyesha namna gani, usimwachilie."

Habari ya kamba sikuwa nimemwambia mtu yeyote.