Mgeni Niliyemwinda Ndotoni

Vumbi lilitangulia. Lilipanda kutoka kwenye kona ya chini, likapita juu ya mizeituni, likatanda juu ya paa la kanisa, na nyuma yake likaja basi, na ndani ya basi ukaja wewe. Nilikuwa nimekaa kizingitini namenya vitunguu. Nikainua macho, nikaiona nyusi yako ya kushoto iliyokatika katikati, kisu kikaniponyoka.

Nilikuwa nimeshakuona. Nilikuona Aprili, theluji ya mlimani ikiyeyuka na mto ukinguruma, na siku hiyo hukuwa na umbo la mtu.

Ungepita tu, Anselme. Ungekunywa maji ya chemchemi pale uwanjani, ukapiga picha ya mlango wa buluu kama wenzio, ukarudi kwenye basi. Wageni wote hupita. Ndiyo kazi ya mgeni.

Kwetu mtu kama mimi huitwa mazzera. Sikusomea, sikuomba. Huitwa usingizini, nami huenda. Mwili unabaki kitandani umefunikwa vizuri, na mwenyewe niko kule kivukoni na rungu mkononi, nangoja mnyama wa kwanza ashuke kunywa maji. Akishuka, nampiga. Akianguka, namgeuza. Na nikimgeuza huwa ana uso wa mtu, na mwenye uso huo hamalizi mwaka.

Bibi yangu alikuwa hivyo, na mama yake bibi pia. Watu hawatuchukii. Wananunua mayai kwangu, wanapumzika kwenye benchi langu, lakini asubuhi hakuna anayenitazama machoni kabla hajaniuliza, "Umelalaje, Orsula?" Nikijibu, "Nimelala," wanashusha pumzi, kisha ndipo tunazungumza habari za mbuzi na mvua.

Asubuhi ile ya Aprili sikujibu.

Aliyeuliza alikuwa Shangazi Saveria, mjane wa nyumba ya pili, mwenye ulimi mkali kuliko siki. Akaweka kikapu chini. "Ni mimi?"

"Si wewe."

"Dulivieru? Maana kikohozi kile cha Dulivieru hakinipendezi."

"Si Dulivieru. Nguruwe mwitu alishuka, nikampiga, nikamgeuza. Mwanamume, nyusi imekatika. Simjui. Si wa hapa."

Akajifanyia ishara ya msalaba, halafu akacheka. Akacheka kwelikweli, mpaka akajishika kiuno. "Mgeni! Mama wa Mungu, mara hii mgeni! Bora yeye kuliko sisi, mwanangu. Sisi tumebaki wa kuhesabika tu."

Nilimwambia. Niliwaambia wote, pale kwenye baa ya Dulivieru, tena kwa sauti: ndoto haiwindi mgeni. Bibi alinifundisha kwamba kwenye mto ule hanywi mnyama wa bonde jingine. Maneno yangu yaliingia sikio hili yakatokea lile. Walikuwa na furaha, na mtu mwenye furaha hasikii.

Sulana ni kijiji kizuri. Wote wanasema hivyo, nami siwapingi, ila uzuri wenyewe ndio unaonitia baridi. Nyumba za mawe zimepandana juu ya jabali, kila moja imeegemea bega la mwenzake. Madirisha ya buluu, maua mekundu kwenye kila kibaraza. Nani anayamwagilia maua yale? Dulivieru. Anapita na ndoo asubuhi, anamwagilia maua ya nyumba zisizo na watu, na magharibi anapita tena, anawasha taa huku, anazima kule, wageni wasijue. Ule mlango mnaoupenda kuupiga picha ni wa marehemu Pasquina. Alifia kwenye kiti, na kiti bado kimo humo, na kila nikichungulia kimeelekea upande mwingine.

Hatuulizani nani anakigeuza.

Basi ukashuka na begi lako la mgongoni, mtu wa bara, ng'ambo ya bahari, mtu wa mji wa mvua huko kaskazini, ukasimama katikati ya uwanja, ukavuta hewa ndefu. "Hapa pazuri," ukasema, hukumwambia mtu yeyote. Ukaingia kwa Dulivieru ukaagiza kahawa. Yeye akaitazama nyusi yako, akamimina kahawa mpaka ikafurika sahanini. Kabla hujaimaliza kahawa ile, kijiji kizima kilikuwa kimeshajua.

Walikaa kikao jikoni kwangu, wewe ukiwa juu, katika chumba ninachokodisha wageni, unafungua begi.

"Asiondoke," alisema Dulivieru. "Akiondoka, ndoto itatafuta uso mwingine. Ale, anywe, akae hapahapa mpaka yatimie."

"Na apewe chakula cha maana," alisema Saveria. "Tusije tukaonekana washenzi."

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe hukupewa jembe. Ulipewa jibini mbichi ya kondoo, ingali na joto. Ulipewa nyama iliyoning'inizwa moshini majira yote ya baridi, tini, mvinyo wa chupa zilizofichwa kwa ajili ya harusi ambazo hazikutokea. Kila nyumba yenye moto ilikuita mezani. Walikutazama ukila, wakatazamana, wakakuongezea. Nimewahi kuona kondoo wa Pasaka akinenepeshwa, sikuwahi kuona mtu.

Ungepita tu, Anselme. Mimi nilikufukuza, shahidi ni wewe mwenyewe. Nilikutilia chumvi kwenye supu. Nilikuambia kitanda kina kunguni.

"Mbona nimelala vizuri sana?" ukasema, na neno hilo likanipitia mgongoni, kwa sababu hapa hakuna anayelisema asubuhi isipokuwa mimi.

"Nenda Umbriccia," nikakuambia, "ng'ambo ya bonde. Kule ndiko kuzuri. Nenda Petralonga ukaone kanisa la waridi. Nenda pwani, kuna vijiji vinatazama bahari kutwa, watu wake wanacheka, wana muziki. Hapa kuna nini? Mawe na wazee."

"Unawafanyia kazi watu wa Umbriccia?" ukanitania. "Wanakulipa kwa kondoo?"

Nilicheka. Huo ndio ubaya wako, ulinichekesha.

Halafu jembe ukalishika mwenyewe. Uliona mfereji wa paa la Saveria umeziba, ukapanda ukauzibua. Uliona Dulivieru anakohoa na ndoo, ukamnyang'anya ndoo. Ukawa wewe unayepita asubuhi kumwagilia maua ya nyumba tupu, na siku moja nikakuona umetoka kwa Pasquina unapangusa mikono.

"Kile kiti kilikuwa kinayumba," ukasema. "Nimekitia kabari."

Tangu siku ile hakijageuka.

Majani yakageuka rangi, wageni wakaisha, basi likawa linakuja tupu na kuondoka tupu. Ukaingia nasi msituni kuokota njugu zetu za miiba, zile zinazodondoka mitini na maganda yenye miiba, ukazikausha nasi moshini, ukala mkate mweusi wa unga wake, leo kwa huyu kesho kwa yule, mpaka nyumba zikaisha. Na kwetu aliyekula mkate ule katika kila nyumba haitwi tena mgeni. Hatukumbuki nani aliweka sharti hilo. Tulikuwa tumelisahau, maana miaka mingi hakuna aliyebaki hadi mkate.

Aliyelikumbuka ni Saveria. Alinijia asubuhi, hakuuliza nimelalaje. Uso wake ulikuwa mweupe kama unga wa ngano.

"Orsula. Tumemfanya wetu."

"Niliwaambia."

"Rudi kule. Rudi mtoni uwaambie ni makosa."

"Niwaambie akina nani, Shangazi? Kule hakuna mtu. Kuna maji tu."

"Basi niweke mimi! Sema ilikuwa sura yangu! Mimi nimeshakula chumvi nyingi, yule bado anapanda ngazi mbilimbili!" Akapiga meza kwa kiganja, akalia, na mimi nilikuwa sijawahi kumwona Saveria akilia, hata kwa mumewe.

Tuliogopa sana. Nalisema wazi, kwa sababu ulituona ukadhani ni upendo tu. Dulivieru alitembea mbele yako kwenye njia ya utelezi. Uyoga wako tuliuonja sisi kwanza. Ngazi ulizotaka kupanda zilifichwa, shoka likapotea, mbwa mkali wa mchungaji akafungwa. Watu walewale waliokunenepesha ufe sasa walikuchunga kama yai, na ukiketi kimya kidogo mtu alikuja kukugusa bega kwa kisingizio cha chumvi. Mlima ulitutazama. Usiniulize mlima unatazamaje.

Nami nikaona kukuficha ni dhambi. Nilikukuta kwenye benchi langu, basi likiwa uwanjani, injini ikiunguruma. Nikakueleza yote: rungu, kivuko, nguruwe, uso. Nikakueleza na karamu, kwa nini ulipewa mvinyo wa harusi. Sikupunguza hata neno.

"Panda basi," nikasema. "Labda huko bara mto huu haufiki. Sina hakika, lakini jaribu. Nakuomba, Anselme."

Hukushangaa kama nilivyotaka ushangae. Ulijisugua ile nyusi kwa kidole gumba.

"Ulipoota ilikuwa Aprili?"

"Aprili."

"Aprili hata jina la kijiji hiki sikuwa nalijua." Ukalitazama basi. "Mimi nimelelewa kituo cha yatima, Orsula. Nimeshuka mabasi mengi, miji mingi. Hakuna aliyewahi kuwa ananitazamia. Hata mara moja."

"Usinifanyie utani."

"Sifanyi utani. Uliponigeuza, nilikuwaje?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Huwa wanauliza nani, hawaulizi vipi. "Ulikuwa umelowa," nikasema. "Maji yalikuwa yamekuingia machoni. Nilikufuta kwa aproni."

Ukaitazama aproni yangu. Basi likapiga honi, dereva akasubiri kidogo, akaondoka.

"Saveria kaishiwa kuni," ukasema, ukanyanyuka.

Mlozi wa nyuma ya kanisa ulikuwa umeanza kuchanua, Aprili ikiwa haijarudi, ulipokufa. Hakukuwa na utelezi, wala uyoga, wala mbwa. Ulikuwa umebeba kuni za Saveria, ukaziweka mlangoni pake, ukaketi kwenye ngazi kupumua, ukajiegemeza ukutani. Moyo, alisema daktari aliyepanda kutoka mjini, moyo uliozaliwa na kasoro, na akashangaa ulivyokufikisha umri ule. Jua lilikuwa usoni pako. Saveria alikukuta, akadhani umelala, akakufunika blanketi.

Tulikulaza juu ya meza ya Dulivieru, tukakuzungushia mishumaa, wanawake tukasimama kichwani, wanaume mlangoni. Na hapo tukakwama. Kwetu maiti huimbiwa. Huitwa kwa jina, hugombezwa, huulizwa kwa nini ameondoka, na nyumba nzima huitikia. Lakini wa kwanza kufungua kinywa sharti awe mtu wa damu yake. Asipokuwepo, maiti huzikwa kimya, na aliyezikwa kimya hajui njia ya kwenda. Hubaki anazunguka kwenye nyumba tupu, na sisi tunazo nyingi.

"Hana ndugu," alisema Dulivieru. "Nani aanze?"

Mishumaa ililia nta yake. Kila mmoja wetu alimtazama mwenzake, kisha akatazama sakafu, maana jambo hili halina kudanganya. Ukisema wewe ni ndugu wa maiti mbele ya maiti, umekuwa ndugu yake, na utavaa nyeusi hadi kaburini.

Saveria akavua kitambaa chake. Akachomoa vibanio kimoja kimoja, nywele zake nyeupe zikamwangukia mabegani, nywele ambazo hakuna mtu aliyeziona zikiwa wazi tangu ujana wake.

"Mimi," akasema. "Mimi ni mama yake."

Hakuna aliyecheka. Akashika kingo za meza, akainama mpaka usoni pako, akakugombeza.

"Anselme, mwanangu, mtoto mtundu, kuni zangu umeziacha nje! Mawingu yale huyaoni? Nani ataziingiza, mwanangu? Nani?"

Tukamwitikia. Nami niliyekupiga rungu nikaitikia pamoja nao, kwa sauti kubwa kuliko wote, na tulipomaliza nikaenda kuziingiza zile kuni.